Swali la Leso Halikuwa Langu

Njeri mwanangu,

Kuna kicheko chako kimoja ambacho hakijanitoka masikioni. Nilikisikia mara moja tu, alasiri moja ya mwaka juzi, nikiwa nimesimama nje ya mlango wa Mama Shamsa kule Majengo, mkoba begani, viatu vimejaa tope la machinjioni. Mlango ulikuwa wazi, pazia limeshushwa. Ulicheka mpaka pumzi ikakukatika, ukavuta hewa, ukaanza tena, na katikati yake nikamsikia yeye akisema, "We mtoto utaniua! Chora laini!" Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwahi kukusikia ukicheka hivyo. Nyumbani kwetu unacheka kwa adabu, kama uko maktabani.

Ningeweza kuingia niulize mnacheka nini. Nilikohoa. Kicheko kikakatika, ukatoka na begi lako ukasema, "Nishamaliza kazi ya shule, mum," kana kwamba nimekushika na kosa.

Kesho asubuhi unakwenda shule ya bweni, Gredi ya Kumi, na saa hizi uko kwa cucu yako, mama yangu, unaaga. Sanduku liko karibu na mlango. Sitakuandikia habari za blanketi wala sabuni. Cucu atakuwa ameshakueleza hayo na mengine zaidi, na orodha ya shule umeikagua mwenyewe mara tatu kwa kalamu nyekundu. Mimi nataka kukujibu swali. Uliniuliza mwaka jana nikakujibu vibaya, na tangu siku hiyo hujaniuliza neno kuhusu kazi yangu. Wewe, uliyekuwa ukiniuliza mpaka bakteria wanakula nini.

Ilikuwa siku ya kuzindua ripoti yetu. Ulikuja na sare ya shule ukakaa safu ya nyuma. Nilieleza matokeo, watu wakapiga makofi, na mgeni mmoja aliyetoka mbali akanishika mkono akasema lile swali la leso ni la akili sana, nililipataje? Nikasema, "Ni uzoefu wa nyanjani." Ulikuwa umesimama kando yangu na chupa ya soda. Uliitua chupa, ukachukua ripoti mezani, ukafungua ukurasa wa majina, ukapitisha kidole kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu.

"Mum, jina ya Mama Shamsa iko wapi?"

"Kuna sehemu ya shukrani kwa wahudumu wote wa afya."

"Lakini hii ni kitu yake. Si mimi ndio nilichora zile laini?"

Nikakuambia hayo ni mambo ya kitaaluma, huwezi kuyaelewa sasa hivi. Uliyaelewa vizuri kabisa. Uliirudisha ripoti juu ya nyingine, ukaziweka sawa kingo zake, ukaenda kuningojea nje.

Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu hata ile sehemu unayoijua huijui yote.

Cheo changu ni mkuu wa utafiti katika ofisi ya afya ya umma. Watu wakisikia hivyo hufikiria jengo la vioo. Wewe umekiona chumba chenyewe: meza mbili nyuma ya kliniki, friji ya sampuli inayonguruma, dirisha linalotazama foleni ya kina mama wa chanjo. Kazi ni kuuliza kwa nini watu wa mahali fulani wanaugua wanavyougua, na kuuliza kwa utaratibu ili jibu lisiwe la kubahatisha. Nilipewa kiti hicho nikiwa na miaka thelathini na moja. Baadhi ya maafisa niliowaongoza walianza kazi mimi nikiwa chekechea. Nilikuwa na shahada mbili, na mtoto niliyemzaa miezi michache baada ya kumaliza Kidato cha Nne, na niliamini kila anayenitazama anaona la pili kwanza. Kwa hiyo nilifanya kazi kama mtu anayejibu mashtaka. Kila sentensi niliyoandika ilikuwa utetezi.

Mama Shamsa alikuwa mhudumu wa afya wa jamii, mmoja wa wale wanaozunguka nyumba kwa nyumba na mkoba mgongoni. Aliishia darasa la saba. Shamsa mwenyewe ameolewa Mombasa, nyumba ilikuwa tupu, shule yako ilikuwa karibu naye, na mimi nilikuwa natoka kazini jioni. Ni yeye aliyejitolea. "Mlete akae kwangu, daktari. Mimi sili watoto." Nilimweleza mara nyingi kwamba mimi si daktari. Alisema mtu akishabeba damu ya wenzake kwenye boksi la barafu, yeye ni daktari, hana pa kukimbilia.

Wakati huo kulikuwa na homa Kiamaiko, kati ya watu wa soko la mbuzi. Homa ya kuja na kwenda, viungo vinauma, mgongo unakataa kunyooka. Walikuwa wanatibiwa taifodi, wanapata nafuu kidogo, wanarudi. Nilishuku ni brusela, ugonjwa ambao binadamu huupata kwa mifugo, na nilikuwa sahihi. Hilo naomba uniachie. Nilichokosea ni nani wa kupimwa.

Unajua kwamba kila anayeshika chakula cha watu anapaswa kuwa na cheti cha afya, na wenye vyeti wote wameandikwa kwenye daftari kubwa la ofisi. Nilichukua daftari lile nikateua majina kwa kompyuta, kila mchinjaji akiwa na nafasi sawa na mwenzake. Kwa vitabu nilivyosoma, kazi hiyo haikuwa na dosari. Nilipoieleza mkutanoni, Mama Shamsa akainua mkono.

"Daktari, hao uliowaandika ni wanaume watupu."

"Ndio wachinjaji, Mama Shamsa."

"Wachinjaji, sawa. Lakini wanaougua ni wanawake wa kuosha matumbo. Wale hawana cheti. Wako nje ya ukuta, na wewe unahesabu walio ndani."

"Umejuaje kwamba ndio wanaougua?"

"Nimekaa nao."

Nikasema, "Mama Shamsa, sayansi si udaku." Chumba kizima kikaangua kicheko. Bwana Mutiso, mkubwa wangu, alicheka mpaka akavua miwani. Na yeye Mama Shamsa akacheka, akashusha mkono. "Haya, daktari. Lakini udaku wangu una homa."

Tulipima wanaume. Damu ikarudi karibu safi. Nilikaa na majibu yale siku mbili bila kumwonyesha mtu, kisha nikamwita Mama Shamsa, lakini nilimwita kwa namna ya kumfanyia hisani. Nikamwambia anipeleke kwa hao wanawake wake, nikajionee.

Pale wanaume ndio huchinja na kuchuna, na wanawake huosha na kukwangua matumbo nje, chini ya mabati. Lakini mbuzi akipasuliwa akakutwa na mimba, mwanamume hagusi mfuko ule. Hupiga kelele tu, "Mama, kuja!" na mwanamke wa matumbo huja na karai lake, akautoa kwa mikono mitupu, akaenda kuutupa. Hakuna mahali palipoandikwa hivyo. Hakuna hata aliyeiona kuwa ni kazi. Ilikuwa jambo dogo la kumsaidia mwenzio. Na brusela, mwanangu, hupenda kukaa hasa pale, kwenye mfuko wa mimba.

Nilikaa juu ya mtungi uliolazwa, fomu gotini. Nikamuuliza mwanamke mmoja aitwaye Mama Bashir maswali kama yalivyoandikwa. Je, mwezi uliopita umepata homa? Hapana. Kutokwa na jasho usiku? Hapana. Maumivu ya viungo? Aliwageukia wenzake. "Huyu ako na maswali ya polisi," akasema, na wakacheka. Nani angekubali kuwa mgonjwa mbele ya wenzake na mtu wa serikali, mahali ambapo mgonjwa hurudishwa nyumbani na nafasi yake ikachukuliwa kesho yake?

Mama Shamsa alikuwa amechutama kwenye karai, amekunja buibui, anakwangua utumbo pamoja nao. Bila kuinua macho akauliza, "Wee Mama Bashir, ile leso ya kulalia unaianika kila asubuhi ama mara moja moja?"

"Kila asubuhi! Si unaiona hapo kwa kamba?"

"Na wewe?"

"Mimi niko na mbili. Moja inaloa kabla ya adhana."

"Mbili! Kwani wewe unalala ama unaogelea?"

Wakacheka wote, na kila mmoja akataja leso yake, wakishindana ya nani inaloa zaidi. Kabla chai waliyonipa haijapoa alikuwa ameshapata jasho la usiku la wanawake wote wa pale, na hakuna hata mmoja aliyejua amehojiwa. Kisha akawauliza ni nani huitwa na karai na ni nani hukataa kwenda. Wenye leso za kuloa ndio waliokuwa wakiitwa.

Mimi nilikuwa na fomu iliyojaa "hapana".

Wivu wangu haukuja na hasira, Njeri. Ungekuja na hasira ningeutambua. Ulikuja kama hamu ya kusahihisha. Nilimtazama amechutama pale nikajiambia kwamba hajui hata hicho anachokifanya kinaitwaje. Mimi nilijua kinaitwaje. Nilikijua kwa jina, niliwahi kukijibia mtihani nikapata alama za juu, na sikuweza kukifanya.

Halafu nikaliona daftari, kando ya karai lake. La shule, la kawaida, majina upande mmoja, na mbele ya kila jina kisanduku chenye picha ya leso ndogo kwa yule aliyeloa, na picha ya karai kwa yule anayeitwa. Niliijua ile mistari. Ilipigwa kwa rula yako iliyovunjika ncha, ndiyo maana kila mstari unapinda kidogo mwishoni. Siku alizotoka Kiamaiko mlikuwa mnakaa mkekani, yeye anataja, wewe unachora, na nadhani siku ile ya kicheko kuna mwanamke aliyekuwa amesema jambo la ajabu, Mama Shamsa akalirudia kwa sauti ya mwenyewe. Mlikuwa mnafanya utafiti. Mlikuwa mnafanya kazi yangu, na mlikuwa mnaifurahia.

Nikamwomba daftari "niliangalie". Wiki hiyo nililiingiza lote kwenye kompyuta. Nikaweka swali la leso kwenye fomu mpya, na kwenye maelezo ya mbinu nikaandika kwamba lilibuniwa na mtafiti mkuu baada ya ziara ya awali. Sentensi moja tu. Ilikubali kuandikika kwa urahisi ambao ungepaswa kunishtua. Tukawapima wanawake, na majibu yakawa yale aliyoyasema Mama Shamsa siku ile mkono ukiwa juu.

Hayo unayajua, au uliyakisia. Yanayofuata huyajui.

Ni mimi niliyemwondoa Kiamaiko. Wanawake walikuwa wanamwona kwa mbali wanaita, "Mama Shamsa, kuja ukae!" na mimi niliye nyuma yake na boksi la barafu wananiuliza, "Na huyu ni nani tena?" Baada ya mara ya nne au ya tano nilimwandikia Bwana Mutiso kwamba mhudumu huyo anahitajika zaidi kwenye chanjo za watoto, upande mwingine. Alitia saini bila kuuliza. Niliandika barua hiyo kwa lugha nzuri sana. Ndani yake kuna neno "uwezo" mara mbili, namsifu.

Halafu wewe. Nilikukataza kwenda kwake nikasema ni kwa ajili ya mtihani wa Gredi ya Tisa, bora ubaki shuleni usome. Haikuwa mtihani. Siku ya wazazi mwalimu wenu wa sayansi aliwauliza mnataka kuwa nani. Mmoja akasema rubani, mwingine wakili, na wewe ukasema, "Nataka kazi kama ya Mama Shamsa." Mwalimu alinitazama akitabasamu. "Si useme kama ya mama yako?" Ukasema, "Mum huwa tu kwa ofisi." Wazazi wakacheka, nami nikacheka nao, nikakupiga begani kidogo. Wiki iliyofuata ukawa huendi Majengo tena. Ulilia chumbani ukiwa umefungulia redio kwa sauti ya juu, ukidhani sisikii.

Na sasa lile lililo zito kuliko yote. Dawa za brusela ni za wiki sita. Homa hushuka mapema, mtu akajiona amepona, akaacha. Mama Shamsa alilijua hilo, na nyuma ya daftari lake alikuwa ameandika nani wa kutembelewa siku gani. Alikuja ofisini kwangu, akasimama mlangoni mpaka nikainua kichwa.

"Daktari, nimekuja kuchukua daftari langu."

"La nini? Kiamaiko si eneo lako tena."

"Kuna watu wa kufuatwa na dawa."

"Tuna utaratibu wa kuwafuatilia, Mama Shamsa. Na hilo sasa ni data ya utafiti. Lina siri za wagonjwa."

"Siri walinipa mimi," akasema.

Ningeweza kumtolea nakala. Mashine ilikuwa nyuma yangu. Daftari lilikuwa kwenye droo, karibu na goti langu. Unajua nilichokuwa nangojea? Nilingojea adai jina lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nina maelezo mdomoni kuhusu vigezo vya nani anastahili kuitwa mwandishi wa ripoti. Hakulitaja. Aliulizia wagonjwa tu, kisha akaaga na kuondoka, na mimi nikakaa pale nikichukia jinsi alivyokuwa bora kuliko mimi hata katika kuondoka.

Utaratibu wetu ulikuwa wa kupiga simu. Wengi wa wanawake wale hawana simu za kwao. Zilipokewa na waume ambao hawakuwa wameambiwa lolote, na wanawake wakajibu haraka haraka kwamba wako sawa, asante. Mama Bashir aliacha dawa. Alirudi kliniki miezi kadhaa baadaye akitembea kwa kushika ukuta. Nilimwona kupitia dirisha langu, kwenye foleni, akijifanya anaegemea tu. Daktari wa kliniki anasema atatibika, lakini uti wa mgongo umeguswa na kuchutama kwenye karai hakutawezekana tena. Kuchutama kwenye karai ndiyo kazi aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo nilipolitoa jina la Mama Shamsa kwenye karatasi, nilitoa pia miguu yake kwenye zile njia. Nilidhani ni vitu viwili tofauti.

Si mara ya kwanza kwangu kufanya hivi, na hili pia nataka ulijue kabla watu wengine hawajakueleza. Nilipokuwa chuoni, cucu ndiye aliyekulea, na neno lako la kwanza la "mama" ulimwita yeye. Nilipopata kazi nilikuhamisha kutoka kwake ndani ya wiki moja. Nilisema ni kwa sababu ya shule. Ulikuwa na miaka mitano na ulikataa kula siku mbili, na cucu alisimama nje ya geti letu na uji kwenye chupa, kama mgeni kwenye mlango wa binti yake mwenyewe, mpaka nikamfungulia. Hajawahi kunikumbusha. Hata hilo lilinikera.

Huko uendako utakutana na msichana anayekielewa kile ambacho wewe umekikariri. Huenda hana viatu vizuri, huenda anaongea vibaya, huenda hajui kwamba anacho. Sina la kukuambia ufanye nini siku hiyo. Mimi nimeshindwa na wanawake wawili walionipenda. Najua tu jinsi ninavyokuwa. Nakuwa na adabu mno. Natumia maneno marefu, nataja utaratibu, naandika barua za kusifu. Nikianza kuongea kama fomu, ujue nimeshaanza kuiba.

Na usidhani nimepona. Wivu huo nimeuona leo mchana ulipokuwa unakunja sare mpya. Nilikuwa namwonea wivu matroni nisiyemjua, atakayekusikia ukikohoa usiku wa kwanza. Namwonea wivu msichana wa kitanda cha juu, ambaye ndani ya wiki mbili atajua mambo yako ambayo mimi sijui. Na nakuonea wivu wewe. Una miaka kumi na mitano, na tayari umekaa mkekani na mtu anayejua kuuliza, na ukatambua kwamba ndiyo sayansi. Mimi nilikuwa na shahada mbili na sikuitambua.

Jumanne nilikwenda Majengo. Nilimkuta anachambua mchele, nikampa daftari mkononi. Hakuniambia nikae. Alilipitisha ukurasa kwa ukurasa akihakikisha hakuna uliotolewa, kisha akauliza, "Mama Bashir je?" Nikamwambia. Alifunga daftari, na sikuthubutu kusema pole. Baadaye nikamweleza habari ya ripoti na ninachotaka kukifanya. Nikamuuliza jina lake liandikweje.

"Daktari, miaka yote hii hujui jina langu?"

Sikuwa nalijua, Njeri. Nilikuwa nimemkabidhi mtoto wangu na sijui jina lake.

"Rukia," akasema. "Rukia Hamisi Juma. Andika na la baba, maana Rukia wa Majengo hapa tuko wengi, wasije wakampa sifa yule wa mahamri."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Hakusema amenisamehe, na sikumwomba aseme. Nilipofika mlangoni akauliza unaondoka lini, nikasema Jumatatu. "Mwambie akifunga shule aje kwangu. Na usipomwambia nitajua, nakujua sasa." Nilikaa na ujumbe huo tangu Jumanne nikitafuta sababu ya kuusahau. Nimekwambia.

Alhamisi saa nne asubuhi nilituma barua kwa wahariri wa jarida lililochapisha utafiti wetu. Nimeeleza kwamba orodha ya wanawake, picha za karai na swali la leso ni kazi ya Rukia Hamisi Juma, kwamba nilijua hivyo nilipoandika vinginevyo, na kwamba jina lake litangulie langu kama wataona jina langu linafaa kubaki hata kidogo. Nimeeleza pia habari ya daftari kwenye droo, na ya mgonjwa mmoja, bila kumtaja. Nakala nilimpelekea Bwana Mutiso mkononi. Aliisoma akiwa amesimama, akafunga mlango. "Unajimaliza, wewe msichana. Si ungeongeza jina tu kimya kimya, tukasema ni kosa la uchapaji?" Nikamwambia ndivyo ninavyojua kufanya mambo, kimya kimya, na ndiyo maana siwezi.

Sijui watajibu nini. Inawezekana ripoti yote ikaondolewa, inawezekana nikaitwa mbele ya kamati, na inawezekana mshahara utakaolipa karo yako muhula wa pili ukawa mdogo kuliko wa sasa. Nimezungumza na cucu kuhusu hilo. Nililia, yeye hakulia. Mama Shamsa amerudishwa Kiamaiko. Hilo nililiomba kwa maandishi, na mara hii sikutumia neno "uwezo".

Uongozi wa awamu ya pili ya utafiti huu, iliyokuwa ianze mwaka huu, nimeuacha. Ijumaa jioni nilimkabidhi Bwana Mutiso funguo za friji ya sampuli, nikatia saini kwenye kitabu cha makabidhiano, yeye akatia ya kwake chini ya yangu.

Mama